Rula Chini ya Jina la Mama

Mlango wa nyumba ya mama yangu kule Hagsätra haukuwa na jina. Milango mingine yote ya ngazi ile ilikuwa nayo, kwa sababu hapa Stockholm jina la mpangaji huandikwa kwenye kibati cha tundu la barua, na mwenye nyumba ndiye anayelibandika. La mama nalo lilibandikwa. Yeye akalifunika kwa stika ya ua jekundu aliyoitoa kwenye boksi la chai. Fundi wa nyumba akaibandua, mama akabandika nyingine. Walishindana hivyo karibu mwaka mzima bila kusemeshana, mpaka fundi akachoka. Mleta barua alishajua kwamba mlango wenye ua ni wa yule bibi.

Nilidhani ni ukaidi tu. Mama alikuwa mtu wa misimamo na mimi binti yake sipungui, kwa hiyo tuligongana kwa mambo madogo madogo ya namna hiyo kila nilipokwenda kumtazama. Napanda treni Spånga ninakokaa, nabadilisha mjini, na nikishuka Hagsätra mwisho wa reli nimeshaandaa maneno. Namkuta jikoni, chai iko mezani, na barua za wiki nzima zimepangwa zikinisubiri nimsomee. Zote zimeshafunguliwa, na kila bahasha imekatwa kwa mkasi kile kipande chenye jina lake. Vipande hivyo alivitupa kwenye mifuko miwili tofauti ya taka, na mifuko hiyo aliipeleka kwenye mapipa siku mbili tofauti. Nilimuuliza mara nyingi nani huyo atakayekuja kuokota takataka za bibi kizee. Alinijibu kwamba mimi najua kusoma, yeye anajua kutupa, na kila mtu aendelee na kazi yake.

Alitoka Burundi akiwa na mimba yangu ya miezi mitano. Nilizaliwa upande wa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Baba yangu sikumwona. Niliambiwa tangu utotoni kwamba alipotea kwenye zile fujo, yeye na ndugu zake wawili, na neno hilo nililipokea kama watoto wenzangu wengi pale walivyolipokea, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyepotea. Mama alinilea kwa Kiswahili. Kirundi chake alikiweka ndani, akakitoa wakati wa kuomba tu. Ndiyo maana mimi naota kwa Kiswahili mpaka leo, ingawa binti yangu aliyezaliwa hapa ananijibu kwa Kiswidi, hata nikimuuliza kama ameshiba.

Sasa niseme na habari zangu, kwa sababu kosa la hadithi hii ni langu. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na dawa za wazee wangu nazipanga kwenye visanduku vyake siku kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na mwenzangu akikosea kisanduku kimoja nitamwambia mbele ya watu. Najijua. Basi mwaka ule wa uchaguzi, wilaya ilipotangaza kwamba inatafuta wapokea kura, na kwamba wanaojua lugha nyingine wanakaribishwa sana, niliona kazi hiyo imeandikwa kwa ajili yangu.

Tulifundishwa jioni moja, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, kahawa na mikate ya mdalasini. Mwalimu wetu alitugawia kitabu cha sheria na maelekezo, nami nilikisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilijifunza kwamba sanduku la kura lazima lionyeshwe likiwa tupu kabla ya mtu wa kwanza kupiga kura. Kwamba mpokea kura havai alama ya chama chochote, hata kitambaa chenye rangi ya kutiliwa shaka. Kwamba mpiga kura huingia nyuma ya pazia peke yake, na hakuna ruhusa ya kumwelekeza achukue karatasi gani. Kwamba bahasha haiingii sandukuni mpaka mtu aonyeshe kitambulisho, jina lake lionekane kwenye orodha na liwekewe alama. Na kwamba muda wote kura zinapopokelewa, wapokea kura wasipungue watatu ndani ya chumba. Wakipungua, kazi isimame. Niliipenda sheria hiyo kwa jinsi ilivyojaa tahadhari. Nilijisemea kwamba hawa watu wamefikiria kila kitu.

Nikavimba kichwa kidogo, sitaficha. Baada ya ibada, kwenye chumba cha chini cha kanisa letu tunakonywea kahawa, nilisimama Jumapili tatu mfululizo kuwaelimisha wenzangu. Walikuwepo Warundi na Wanyarwanda, Wakongo wachache wanaochanganya na Kifaransa, na Wakenya wawili watatu. Niliwaonyesha karatasi za mfano: ya njano ni ya bunge la nchi, ya buluu ni ya mkoa, nyeupe ni ya wilaya. Niliwaeleza kwamba hata asiye raia, akishakaa miaka mitatu, anapiga kura za mkoa na wilaya. Mzee mmoja Mkongo akataka kujua kama kwaya inaruhusiwa kuimba pale mlangoni, wimbo wa kawaida tu, usio wa chama. Nikamwambia hapana, na watu wakacheka, naye akacheka zaidi yao.

Mama alikuwa nyuma, kikombe mkononi. Jumapili ya tatu aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Hiyo orodha ya majina," akauliza, "nani anakaa nayo?"

Nikamjibu kwamba ninakaa nayo mimi. Watu wakapiga makofi. Na mimi, kwa kuwa makofi yalininogea, nikaongeza: "Mama, hapa si kule."

Kinamama wakaangua kicheko. Mama akatabasamu, akashusha macho, akawa anazungusha kikombe chake. Ningeweza kuishia kwenye lile jibu la kwanza. Lakini nilikuwa mwalimu siku hiyo, na mwalimu anapenda kumalizia.

Mama hakuwahi kupiga kura mahali popote. Tanzania alikuwa mkimbizi, haki hiyo hakuwa nayo. Hapa Sweden kadi za mpiga kura zilimfikia miaka na miaka, za mkoa na wilaya, na zote zilipitia kwenye mkasi. Mwaka ule akapata uraia, akiwa na miaka zaidi ya sabini, na mimi nikashikilia kwamba lazima nimwone akipiga kura walau mara moja kabla mmoja wetu hajaondoka duniani. Niliomba nipangwe kwenye kituo chake, shuleni, dakika kumi kwa miguu kutoka kwake. Nilimsumbua kiangazi chote. Mwishowe, mwezi wa nane, tukiwa tunachambua maharage, akasema bila kuniangalia: "Kama ni wewe unayekaa nayo, nitakuja."

Nilifurahi sana. Nikaenda dukani nikanunua rula ya plastiki inayoonyesha upande wa pili, ili nisije nikaruka mstari.

Siku yenyewe tulifika shuleni kabla ya saa moja asubuhi. Chumba chetu kilikuwa ukumbi wa mazoezi, wenye ngazi za mbao ukutani na sauti inayorudi. Tulikuwa wanne. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mtaratibu wa makamo, alisimamia masanduku ya kura. Kijana wa chuo alisimama mlangoni kuelekeza watu. Mimi nilikaa na orodha, na pembeni yangu alikaa mzee mmoja Mswidi, mstaafu, aliyefanya kazi ya ukondakta wa treni miaka thelathini na kitu. Sauti yake ilikuwa bado kazini. Alikuwa akisema "asante" unadhani anatangaza kituo kinachofuata.

Mimi ndiye niliyependekeza utaratibu wetu. Nilisema kondakta apokee kitambulisho, asome jina kwa sauti, mimi nilitafute, niweke rula chini yake, niseme "yupo" kwa Kiswidi, halafu niweke alama. Niliona hivyo hakuna kukosea. Walikubali mara moja, na mwenyekiti akanisifu.

Mama alikuja mnamo saa saba mchana, ametoka kanisani. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu na kitambaa cheupe kichwani, na binti yangu alikuwa amemshika mkono. Kijana wa mlangoni alikuwa ameenda kula, kwa hiyo tulibaki watatu. Niliwaona tangu walipoingia. Binti yangu alitaka kumsindikiza bibi yake nyuma ya pazia, nikamtikisia kichwa kutoka mbali, na mama akaingia peke yake. Alikaa humo muda mrefu. Nilikuwa napokea watu, huku jicho moja likitazama viatu vyake vyeusi chini ya pazia, vimetulia, havisogei.

Akatoka na bahasha zake tatu. Akasubiri zamu yake, akafika mbele ya meza, akaziweka, akazilinganisha kwa vidole. Kisha akaniangalia.

Mtu wa kwetu ataelewa alikuwa akisubiri nini. Katika maisha yangu yote sijawahi kukutana na mama yangu pasipo kumwamkia. Lakini tulifundishwa kwamba wapiga kura wote ni sawa, na nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hata mama yangu sitampendelea kwa lolote, watu wasije wakasema. Nikamwambia "hej", ile salamu ya Kiswidi ya mtu yeyote, kama nilivyowaambia wengine wote tangu asubuhi. Nikainamisha kichwa kwenye orodha.

Kadi yake ya mpiga kura hakuwa nayo. Alishaikata. Alitoa kitambulisho, kondakta akakipokea, akakiinua usawa wa miwani yake, akalisoma jina la mama yangu, majina yote matatu, kwa ile sauti ya treni. Ukumbi ukalirudisha. Watu wa kwenye foleni wakageuka. Mimi nikalipata haraka, nikaweka rula chini yake, nikasema kwa sauti safi: "Yupo."

Nilipoinua macho, mama alikuwa anaitazama rula. Sijui niuelezeje uso wake, ila damu yote ilikuwa imeutoka. Alizichukua bahasha zake moja moja, akazitia kwenye mkoba. Akanyoosha mkono, akakitoa kitambulisho taratibu kwenye vidole vya kondakta, kwa adabu, akageuka akaondoka. Alitembea bila kukimbia, lakini ubavu ubavu na ukuta, mbali na watu. Binti yangu akamfuata. Kalamu yangu ilikuwa bado haijagusa karatasi.

Niliinuka nusu. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba tuko watatu tu. Alikuwa sahihi. Ningetoka, kura zingesimama, na foleni ilikuwa imefika korido. Hata hivyo ningeweza kumwomba asimamishe kazi dakika tano. Sheria haikatazi kusimama, inakataza kuendelea tukiwa wawili. Sikuomba. Nilikaa, nikavuta orodha, nikasema "hej" kwa aliyefuata. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu ilikuwa kwa ajili ya watu waliotuona, wala si kwa ajili ya mama. Niliwaza kwamba ameniaibisha mbele ya wenzangu. Mpaka tunafunga mlango nilikuwa nawaza hivyo.

Binti yangu alinipigia simu jioni. Akaniuliza kwa Kiswidi kwa nini sikumfuata bibi. Nikamweleza sheria ya watu watatu, kwa kirefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Kesho yake nilitoka kazini saa tisa nikaenda moja kwa moja Hagsätra. Niliingia na maneno yangu, kama kawaida. Mama alikuwa jikoni. Chai haikuwepo mezani. Nikaanza: kwamba nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba nchi hii haina mtu wa kumtisha, kwamba watu wanakufa wakiitafuta haki anayoitupa. Aliniacha nikaishiwa. Halafu akaniambia niketi.

"Alikuja kijana mmoja nyumbani kwetu," akasema. "Kijana safi, mwenye adabu. Ana daftari na rula. Akasema anaandika wanaume wa mtaa, serikali inataka kuwajua watu wake. Baba yako alikuwa shuleni anafundisha. Mimi nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja, nikaona fahari kuulizwa habari za bwana wangu. Nikampa kiti. Nikampa chai. Nikamtajia jina la baba yako, lote. Akaweka rula, akaandika. Alipotaka kufunga daftari nikamwambia, umewasahau shemeji zangu wawili, wanakaa nyumba ya nyuma."

Akafuta meza iliyokuwa haina kitu.

"Siku ya tatu wakaja wengine, na daftari lilelile. Wakasimama mlangoni, wakasoma. Baba yako akaitika, akasema nipo. Alidhani ni habari za mshahara."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia.

"Uliniuliza baba yako alipotea vipi," mama akasema. "Hukuniuliza nani alimtaja."

Nitasema ukweli wa moyo wangu, kwa kuwa hakuna faida ya kuandika haya nikiuficha. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa hasira, na ilikuwa juu yake. Nilimchukia kwa ile chai. Niliona kikombe, niliona kiti, niliona mdomo wake ukifunguka kuwataja wale wawili ambao yule kijana alikuwa ameshawasahau. Haikuchukua muda, labda muda wa kuvuta pumzi mara mbili, lakini nilimchukia, naye alikuwa ananitazama na nadhani aliona. Kisha nikaona kilichokuwa kimekaa mbele yangu: bibi mdogo wa umbo, mikono mikubwa, aliyebeba kitu hicho peke yake kuvuka mpaka, na mimi tumboni, akakinyamazia nusu karne, akakata jina lake kwenye kila karatasi ili lisije likampeleka mtu mwingine. Na jana nilimsimamisha mbele ya rula. Nikalia. Yeye hakulia. Aliinuka akabandika maji ya chai.

Usiku wa siku hiyo na siku zilizofuata nilikisoma upya kile kitabu cha maelekezo, kisha nikaisoma sheria yenyewe. Nilitafuta mahali palipoandikwa kwamba jina la mpiga kura lisomwe kwa sauti. Hapapo. Imeandikwa kwamba mtu ajulishe yeye ni nani, kwamba apatikane kwenye orodha, kwamba awekewe alama. Sauti haikutajwa. Kila mpiga kura ana namba yake kwenye orodha, na hata asipokuja na kadi, kitambulisho kingeweza kugeuzwa tu upande wangu nikakisoma kwa macho. Yale makelele yote yalikuwa ya kwangu. Niliyatunga mwenyewe kabla ya saa mbili asubuhi, nikasifiwa.

Nilimwambia mama. Nilimwahidi kwamba uchaguzi ujao, ule wa bunge la Ulaya, hatasomwa na mtu. Nitakaa pale pale, atanionyesha kitambulisho, nitakitazama, basi. Akasema tutaona. Tangu hapo hatukugombana tena kuhusu barua. Nilikuwa nikifika namwamkia kwanza, kwa sauti, hata kabla sijavua viatu, naye akiitikia "marahaba" kwa kuivuta, akinitania kwamba siku hizi nimekuwa mtoto mwenye malezi.

Moyo wake ulianza kumsumbua baridi ya mwaka uliofuata. Mwezi wa nne wakamlaza. Nimehudumia wazee wengi, najua jinsi mtu anavyoanza kuaga, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunieleza. Alikuwa akizungumza kidogo, Kirundi zaidi, na mimi Kirundi changu ni cha kuombea chakula tu. Lakini mchana mmoja mwezi wa tano alinishika mkono akaniuliza kwa Kiswahili kama kadi yake imefika.

Sikuelewa. Nikamuuliza kadi ipi.

"Ya kura," akasema. "Ikifika usiikate."

Ilikuwa bado. Alifariki baada ya siku tatu, asubuhi, binti yangu akiwa amemshika miguu na mimi kichwa. Kadi ilifika wiki iliyofuata. Orodha ya wapiga kura hufungwa mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, na siku ilipofungwa mama alikuwa hai, kwa hiyo mashine ilimhesabu na watu. Niliiokota sakafuni ndani ya mlango wake, nilipokwenda kufungasha vyombo. Nilikaa chini palepale kwenye korido, nimeishika. Niligundua kitu kingine nilipoinuka kufunga mlango. Lile ua jekundu halikuwepo. Kibati kilikuwa kimesuguliwa gundi yote, na jina lake lilikuwa linasomeka vizuri kabisa. Nilimuuliza jirani wa mlango wa pili kama fundi alipita. Akasema hapana, alimwona mama mwenyewe, kabla hajalazwa, anakwangua kwa kisu cha mezani. Alimuuliza anafanya nini, mama akamjibu kwa Kiswidi chake cha maneno machache kwamba anangoja barua.

Zile bahasha tatu nilizikuta ndani ya Biblia yake. Zimegundishwa. Sijazifungua. Watu wawili wa kanisani waliniambia ni haki yangu kama mtoto, na binti yangu angependa kujua bibi yake alichagua nini baada ya kusimama muda mrefu vile nyuma ya pazia. Mimi nimefundishwa kwamba kura ya mtu haifunguliwi na mtu anayeijua ni ya nani.

Mwezi wa sita nilikwenda kituoni. Wenzangu walidhani sitakwenda. Kondakta alikuwepo tena, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamwambia kwamba safari hii hatusomi majina kwa sauti. Akipokea kitambulisho akigeuze kwangu. Akauliza kwa nini, bila ubishi. Nikamweleza kwa ufupi, kwa Kiswidi, na kwa Kiswidi habari yote ilitosha kwenye sentensi nne. Akavua miwani. Aliniambia anamkumbuka bibi wa kitambaa cheupe. Alidhani amesahau kitu nyumbani, akawa anatazama mlango mpaka tunafunga, asije akarudi akakuta hatumwoni.

Tukafanya kazi kimya siku nzima. Watu walifika, kitambulisho kikageuzwa, nikasoma, nikaweka rula, nikaweka alama. Hakuna aliyekosewa. Alikuja bibi mmoja Mkongo bila kadi, akakaza mabega alipoona orodha, nami nikamwamkia, nikakitazama kitambulisho chake, na mabega yakashuka. Ilichukua muda uleule.

Ukurasa wa mama niliufikia mara kadhaa, nikitafuta majirani zake. Kila mara rula ilipita juu ya jina lake na kushuka. Alasiri watu walipopungua nikaurudia mwenyewe. Lilikuwepo, majina yote matatu, na pembeni kile kijisanduku kitupu. Nikaweka rula chini yake. Nikalisoma kwa macho. Halafu nikasema, chini chini, "Shikamoo, Mama."

Kondakta akauliza kama nimemwambia kitu. Nikatikisa kichwa. Mlangoni alikuwa ameingia mtu mwingine na bahasha yake, nikaiondoa rula, nikakiacha kijisanduku cha mama kitupu kama sheria inavyotaka kwa mtu ambaye hakuja.